Masweta Mia na Ishirini ya Dastan

Pale Kihesa, mjini Iringa, mama akimpeleka mtoto kununuliwa sweta la shule haulizwi namba. Veneranda Kalinga, mfumaji, humtazama mtoto mara moja kutoka mabegani hadi kiunoni, kisha hutoa hukumu: huyu ni Bupe, huyu ni Dastan, huyu mwakani atakuwa Anjela. Mama hulipa na kuondoka ameridhika. Wageni wa mtaa hushangaa wakimsikia mtu akiagiza, "Nifumie Dastan wawili wa kijani na Anjela mmoja wa bluu," lakini wiki mbili hazipiti kabla na wao hawajaanza kuagiza hivyo hivyo.

Mambo haya yalianza mwaka 2001. Sista mmoja wa parokia alikuwa anarudi kwao, akamwachia Veneranda mashine yake ya kufumia. Futi ya kupimia hakumwachia. Veneranda, ambaye wakati huo alikuwa msichana mwenye haraka ya kuanza biashara, alimsimamisha mlangoni mtoto wa kwanza aliyepita, Dastan wa jirani, mwenye miaka minane, akampima kifua kwa kipande cha uzi. Uzi ule aliufunga fundo, akautundika kwenye msumari pamoja na kikaratasi chenye jina la mtoto. Baada ya Dastan akapimwa Bupe, aliyekuwa mdogo zaidi, binti wa dereva Mnyakyusa aliyekuwa amepanga nyumba ya nyuma. Kisha akapimwa Anjela, aliyekuwa mrefu kuliko wenzake wote darasani. Misumari ikawa mitatu na nyuzi zikawa tatu. Futi alikuja kununua baadaye, lakini wateja walikuwa wameshazoea.

Watoto wenyewe walikua wakaenda zao. Dastan siku hizi ni dereva wa lori, mwanaume wa kuinama akiingia mlangoni. Anjela anauza nyanya kando ya barabara pale Ilula, na sauti yake husikika kabla basi halijasimama. Bupe ameolewa Mbeya, mtaa wa Soweto, na ana kicheko kinachojaza nyumba nzima. Kwenye misumari ya Veneranda hakuna aliyeongezeka hata inchi moja.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya baridi ya Juni, ilikuja simu kutoka Mbeya. Aliyepiga ni Bwana Halfani, mhasibu wa shule mpya ya msingi ya bweni, mtu mpole ambaye husalimia mpaka unasahau kwamba ana shida yake. Mzazi mmoja alikuwa amemleta mtoto shuleni akiwa amevaa sweta la Veneranda, na matroni wa shule alikuwa amelivuta, amelifua na kulikunjakunja bila kufanikiwa kuliharibu. Shule ilitaka masweta mia tatu na arobaini kwa kuanzia. Bodi ikiridhika, ingempa mkataba wa miaka mitatu. Kulikuwa na sharti moja, nalo Bwana Halfani alilieleza kama mtu anayeomba radhi: risiti iwe ya mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kodi. Kile kitabu cha risiti za kuandika kwa mkono kisingefaa.

Veneranda alikata simu, akakaa kwenye kiti, akasimama, akakaa tena. Miaka mitatu. Watoto wa shule nzima wangepanga mstari asubuhi kwenye ukungu wa Mbeya wakiwa ndani ya kazi ya mikono yake. Siku ile hakufuma chochote kilichonyooka.

Mashine ililetwa na Naima, fundi kijana wa wakala wa mashine hizo, aliyekuja na begi mgongoni na subira ya mwalimu wa chekechea. Alimwonyesha pa kuweka karatasi, pa kubonyeza, na jinsi ya kufunga mauzo kila jioni. Alimweleza pia kwamba kila risiti inayotoka, taarifa zake zinafika Mamlaka ya Mapato papo hapo kupitia laini ya simu iliyomo ndani. Kisha akauliza bidhaa zinaitwaje ili aziingize. Veneranda alifungua daftari, akasoma kama anavyosoma siku zote: sweta la Bupe, sweta la Dastan, sweta la Anjela. Naima alisita kidogo, akauliza kama hizo ni saizi. Akajibiwa kwamba ndiyo, ni saizi. Basi akaandika. Mashine haikuwa na maoni.

Wiki iliyofuata ilikuwa kama sikukuu. Watu wasiohitaji sweta walinunua skafu ili waione mashine ikitema karatasi. Babu mmoja alinunua soksi, akaomba asomewe risiti mara mbili, na akaondoka ameishika kwa vidole viwili kama cheti cha ubatizo. Veneranda mwenyewe aliipenda mashine kupita kiasi. Kwa kuwa Kihesa asubuhi kuna baridi, aliifumia sweta la bluu lenye tundu la karatasi na kola ndogo. Naima alipopita kukagua alilivua lile sweta, akaeleza kwa upole kwamba mashine inahitaji hewa. Veneranda alikubali kwamba itavaa safarini tu.

Masweta mia tatu na arobaini yalifumwa kwa wiki tisa na wanawake watatu wasiokoma kuimba, Veneranda akiwa mmoja wao. Yalipakiwa kwenye basi la Mbeya pamoja na risiti yake, ndefu na safi, yenye jina la shule na namba ya mlipakodi ya kila upande. Bwana Halfani alipiga simu kusema mzigo umefika, watoto wamevaa, na matroni amelia kidogo.

Siku ya Alhamisi alipiga tena. Alisalimia, akauliza hali ya hewa, akauliza afya ya mashine, na Veneranda akajua kuna jambo. Mkaguzi wa bodi, Mzee Filemoni, alikuwa amepitia hesabu za shule. Alikuwa amefika kwenye risiti ya masweta na kusimama hapo.

"Mama, hapa imeandikwa sweta la Dastan, mia na ishirini," alisema Bwana Halfani. "Mzee anauliza Dastan ni nani, na anafanya nini na masweta mia na ishirini."

Veneranda alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bwana Halfani naye alitaka kucheka lakini hakuweza, kwa sababu Mzee Filemoni alikuwa ameketi mbele yake. Shule ilikuwa imeagiza masweta ya wanafunzi, na risiti ilionyesha kwamba fedha za shule zimewanunulia masweta watu watatu wasiojulikana. Bodi ilikuwa inakutana Jumamosi saa nne asubuhi. Bila maelezo yanayoeleweka, mkataba wa miaka mitatu ungekwenda kwa mfanyabiashara mwingine, ambaye risiti zake zilikuwa na namba za saizi kama za watu wote.

Kicheko kikakatika. Veneranda alimpigia Naima kuuliza kama risiti inaweza kufutwa.

"Haifutiki, mama. Ilipotoka tu, Mamlaka waliipata."

"Kwa hiyo Dastan yuko kwao sasa hivi?"

"Yuko kwao, Anjela yuko kwao, na Bupe yuko kwao."

Naima alimweleza kwamba risiti haifutwi ila inarekebishwa: mteja anarudisha ile ya kwanza na kuandika kwamba amekubali, muuzaji anatoa hati ya marekebisho, kisha inatoka risiti mpya yenye maelezo sahihi. Alimfundisha kwa simu namna ya kuingiza bidhaa mpya kwenye mashine, kitufe kwa kitufe, mpaka Veneranda akaweza kufanya hivyo akiwa amefumba macho. Lakini mteja alipaswa kukubali kwanza, na mteja huyo alikuwa na Mzee Filemoni. Risiti ingewezekana kurekebishwa. Kilichobaki ni mtu kuamini kwamba Dastan ni saizi.

Veneranda aliitazama misumari yake mitatu kwa muda mrefu. Kisha akazitundua nyuzi, akaziweka kwenye bahasha, akampigia Dastan.

Bahati yake, Dastan alikuwa Ilula akipakia vitunguu vya kupeleka Mbeya. Alipoelezwa tatizo, lori zima likasikia kicheko chake. Alisema Anjela yuko hapo hapo ng'ambo ya barabara na angemchukua. Ijumaa asubuhi lori lilisimama Kihesa, Anjela akachungulia dirishani akiwa na tenga la nyanya mapajani.

"Kamwene, mama. Nasikia natafutwa na serikali."

"Hutafutwi na serikali. Unatafutwa na bodi ya shule. Sogea huko, mashine ikae katikati."

Mashine ilikaa katikati, imevaa sweta lake la bluu, kola imesimama. Kutoka Iringa hadi Mafinga walibishana nani amenunuliwa na watu wengi zaidi. Anjela aliongoza kwa mia na thelathini, na alijivuna kama mgombea aliyeshinda. Dastan aliahidi kwamba akirudi atanunua mwenyewe masweta kumi na moja ya Dastan ampite. Veneranda alicheka nao, lakini kila lori lilipopunguza mwendo aliigusa ile bahasha kuona kama bado ipo.

Walilala kwa Bupe, pale Soweto, na asubuhi Bupe alivaa gauni la kwenda kanisani, akasema naye hawezi kubaki nyumbani wakati jina lake linajadiliwa. Basi saa nne kasoro wakaingia shuleni wanne, mashine ikiwa ya tano. Uwanjani wanafunzi walikuwa wamejipanga. Veneranda aliona masweta yake mia tatu na arobaini yametulia kwenye ukungu, na kwa kitambo alisahau alichokifuata.

Mzee Filemoni alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Risiti ilikuwa mezani mbele yake, imenyooshwa kwa rula. Wajumbe wa bodi walikuwa sita, na hakuna aliyetabasamu. Alimkaribisha Veneranda kwa heshima, akamwomba aeleze Dastan ni nani.

Dastan alisimama. Ilichukua muda, maana alikuwa na mwili mwingi wa kusimamisha.

"Ni mimi, mzee."

"Na wewe unavaa masweta haya?"

"Nilivaa moja. Nilikuwa na miaka minane."

Mjumbe mmoja aliinamia makabrasha yake na mabega yakaanza kumtikisika. Veneranda alifungua bahasha, akaweka mezani nyuzi tatu zenye mafundo na vikaratasi vyake, wino umefifia ukawa rangi ya chai. Alieleza kuhusu sista, kuhusu futi iliyokosekana, na kuhusu mlango. Hakujitetea kwa maneno mengi. Aliomba aitwe mwanafunzi yeyote. Matroni alimleta binti mdogo mwenye meno mawili yaliyong'oka, na Veneranda alipomtazama tu akasema ni Bupe. Uzi ukazungushwa kifuani juu ya shati, fundo likakutana na ncha yake kana kwamba umefungwa asubuhi ile. Bupe mwenyewe, aliyejaza kiti chote pale ukutani, alipiga makofi.

Mzee Filemoni aliomba mwanafunzi wa pili, na wa tatu. Kisha akaomba futi, akapima nyuzi zenyewe, akaandika kwenye daftari lake: inchi ishirini na sita, inchi ishirini na nane, inchi thelathini na mbili. Alivua miwani yote miwili.

"Mama, mimi nimekuamini," alisema. "Lakini mkaguzi atakayekuja baada yangu hatakuwa na Dastan wa kusimama. Risiti inatakiwa ijieleze yenyewe."

Veneranda alikiri kwamba hilo ni kweli. Bwana Halfani aliandika barua ya shule ya kukubali marekebisho, akarudisha risiti ya kwanza. Mashine ikavuliwa sweta mbele ya bodi, ikawekwa mezani. Veneranda alibonyeza kama alivyofundishwa na Naima, ikatoka hati ya marekebisho, kisha risiti mpya: sweta la shule namba 26, namba 28, namba 32. Anjela alipoona jina lake halipo alishusha pumzi nzito, na Dastan akamfariji kwamba hata hivyo alishinda.

Kabla ya saa sita mkataba wa miaka mitatu ulikuwa umesainiwa. Wajumbe walipokuwa wakinywa chai na nyanya za Anjela zikinunuliwa moja kwa moja kutoka kwenye tenga, Mzee Filemoni alimsogelea Veneranda, akamuuliza kwa sauti ndogo kama anafuma na ya watu wazima, kwa sababu ofisi yake ni ya baridi sana. Veneranda alimtazama mara moja kutoka mabegani hadi kiunoni. Hakuna jina wala namba iliyomfaa. Akakata kipande cha uzi, akampima kifua pale pale, akafunga fundo.

Mzee alilipia hapo hapo na kusubiri risiti yake. Mashine ilitaka jina la bidhaa. Veneranda aliwaza kidogo, akaandika, akabonyeza.

Mkaguzi alisoma: sweta la Filemoni, moja. Aliisoma tena kwa miwani ya pili, kisha akaikunja na kuiweka kwenye pochi yake, akasema kwamba hii haina hoja ya ukaguzi.