Kabla Hujanunua Ndoo ya Nepi

Kuna asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu Nasra, na juzi uliponitumia zile picha ilinirudia yote kama ilivyokuwa. Nilikuwa nimekaa mkekani, hapa uani kwetu Buyenzi, Bujumbura, nachambua maharage. Simu ikalia, nikavaa miwani. Nikaona ndoo tatu kwenye rafu ya duka moja huko Rohero, na chini yake umeandika: "Mama, nichukue ipi kwa nepi za mutoto?"

Ile ya katikati ilinichekesha. Ulinieleza kwa sauti uliyonirekodia kwamba nepi ikishatumika unaisukuma ndani ya shingo ya ndoo, unazungusha kifuniko, na ndoo yenyewe inaifunga kwenye plastiki, moja moja, mpaka zinashikana kama soseji. Muuzaji alikuahidi kwamba hutaona kitu wala hutasikia harufu. Halafu ukasema maneno yaliyonifanya niyaache maharage. "Hii njo ninataka, Mama. Mutu akiingia kwangu hatajua hata kama kuna mutoto."

Sikukujibu siku ile. Si kwamba nilikasirika. Nilikosa tu pa kuanzia, kwa sababu jibu langu halihusu ndoo peke yake, na mambo mengine mtu huyasema vizuri akiwa amekaa karibu na anayeambiwa, mkono wake juu ya goti la mwenzake. Musaga unakokaa si mbali. Zamani ningejifunga kitenge asubuhi, nikaja kwako, nikarudi kabla ya Alasiri. Sasa mafuta ya magari yamekuwa shida, watu wanasimama kwenye foleni mpaka miguu inavimba, na yangu inavimba kabla hata sijaifikia foleni. Kwa hiyo naandika. Na msichana mwingine anayesubiri mtoto wake wa kwanza akiyakuta maneno haya, ayasome pia. Simfichi.

Nilipoolewa na marehemu baba yako nilitoka Uvira. Unajua, jioni ikiwa safi, ukisimama ufukweni hapa Bujumbura unaiona milima ya kwetu ng'ambo ya ziwa. Inaonekana karibu mpaka unadhani ukiita utaitikiwa. Kaka yako Hassani alipozaliwa, mama yangu alikuwa kule, na njia ilikuwa mbaya wakati ule, watu hawavuki. Nikalala arobaini yangu bila yeye. Kila nikisikia mlango wa uani unafunguliwa nilikuwa nainua kichwa.

Aliyeingia kila mara alikuwa bibi yako, mama yake baba yako. Jina lake Zaituni, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Zaituni, na hata mimi mkwe wake nilimwita hivyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nene, anayeuliza maswali yake bila kuzunguka. Alikaa chumba cha mbele, sisi cha nyuma, ua ni mmoja. Nilimwogopa. Si kwa ubaya wowote alionifanyia, bali kwa sababu ya mafundisho niliyokuja nayo. Shangazi yangu, aliyenifunda kabla ya harusi, alinisisitizia jambo moja: mama wa mume wako asikute uchafu wa mtoto wako. Akikuta, ataamini kwamba kwenu hamkulelewa. Basi ikawa kabla hajatoka chumbani kwake, mimi nimeshaichukua ndoo ya nepi, nimefua zote na kuzianika nyuma ya jiko, ambako mgeni hafiki. Ndoo yenyewe naisugua kwa majivu, naifunika, naiweka mlangoni ikiwa inang'aa. Ilikuwa ndoo ya bati yenye maua ya bluu. Ungeiona usingejua kazi yake.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Ule haukuwa udanganyifu wala ujeuri. Wanawali wengi wa kwetu tulifundwa hivyo, na tulifanya kwa heshima. Nilijiona mkwe mwema.

Na Hassani alikuwa mtoto mtulivu ajabu. Alilala tu. Majirani waliokuja kunihemba, yaani kumtunza mzazi kwa zawadi kama desturi ya hapa, kila mmoja na uji wake na sabuni yake, walimtazama na kunipongeza. Mmoja aliniambia, "We una bahati, wangu analia mpaka baba yake anahamia kwa rafiki." Nilicheka, nikajisikia fahari. Nilijua kwamba nepi za kufua ni chache, lakini nani analalamika kazi ikiwa nyepesi? Sikujua kusoma kile nilichokuwa nakiona. Ndiyo kwanza nilikuwa mama.

Asubuhi hiyo ninayoikumbuka, Mama Zaituni alikuja chumbani kwangu mapema kuliko kawaida. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alisimama kwanza dirishani akaitazama kamba ya mbele, ile ya uani kwetu sote, iliyokuwa na mashati ya baba yako tu. Katika mtaa wetu wakati ule, nepi kwenye kamba ndizo zilizokuwa habari. Mtu akipita barabarani akiziona, anajua nyumba hii ina kitoto, anabisha hodi. Wazee walikuwa wanajua mpaka afya ya mtoto kwa kuitazama kamba tu. Kamba yangu ilikuwa haisemi kitu.

Akageuka. "Niletee ndoo ya mutoto."

Nikasema nitamletea, lakini anywe chai kwanza.

"Chai nimekunywa kwangu. Ndoo."

Ndoo ilikuwa bado sijaisafisha, alikuwa amewahi. Nilijaribu kusimama mbele yake, nikasema haipendezi, ina harufu, asubiri kidogo niitengeneze. Mama Zaituni alinisogeza pembeni kama mtu anavyosogeza pazia, akapiga magoti, akakiinua kile kifuniko cha maua ya bluu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndani kulikuwa na nepi moja. Ya tangu jana mchana. Aliitoa, akaikunjua mbele ya mlango penye mwanga, akaigusa kwa vidole. Haikuwa imelowa vya kutosha, na ile alama kidogo iliyokuwepo ilikuwa na rangi ya vumbi la tofali. Akaniuliza nyingine ziko wapi. Nikamwambia hakuna nyingine. Akamtazama Hassani pale kitandani, akamgusa utosini, akamgusa midomo.

"Huyu mutoto halali," alisema, taratibu sana. "Huyu mutoto anachoka."

Haukuwa utulivu, mwanangu. Maziwa yangu yalikuwa hayamfikii. Alikuwa ananyonya kidogo, anachoka, analala, na kwa sababu halii, hakuna aliyejua. Mama Zaituni hakungoja kitu. Alimfunua nguo ili aamke, akanikalisha ukutani na mto mgongoni, akanionyesha jinsi ya kumshika, akakamua matone kwenye kijiko akamlambisha. Kisha akajifunga kitenge chake, tukatoka mimi na yeye na mtoto mpaka zahanati. Mganga alimpima, akasema tumefika wakati bado upo. Tulifundishwa namna ya kumnyonyesha, tukaambiwa tumwamshe hata kama amelala, na tuhesabu kwa macho yetu nepi anazolowesha.

Njiani kurudi ndipo aliponikemea. Hakupaza sauti. Alikuwa amembeba Hassani, hanitazami.

"Aibu yako ilikuwa inaninyanganya mujukuu," alisema. "Nani alikwambia mi ni mugeni? Uchafu wa mutoto wa ile nyumba ni wangu na mi."

Nikamwambia nilifundwa hivyo.

"Waliokufunda walitaka upendwe. Sasa unapendwa. Leta ndoo."

Tangu siku ile, kila asubuhi alikuwa anakuja, anainua kifuniko, tunatazama pamoja. Mwanzoni nepi zilikuwa chache. Polepole zikaongezeka, zikawa na ile rangi ya haradali ambayo yeye aliifurahia kuliko dhahabu. Siku ndoo ilipojaa mpaka kifuniko hakikai sawa, aliibeba mwenyewe, akakatiza uani nayo kama amebeba sinia ya pilau. Jirani akamtania kutoka jikoni kwake, "Mama Zaituni, leo unatugawia nini?" Naye akajibu, "Hii sigawi, ni mali ya mujukuu wangu." Ua wote ukacheka. Nepi zikaanikwa kamba ya mbele, mbele ya kila mtu. Nilizitazama zikipepea, nikamkumbuka mama yangu kule ng'ambo, na kwa mara ya kwanza sikulia kwa kumkumbuka.

Hassani sasa ana mvi kwenye ndevu na anatengeneza magari Lubumbashi. Mama Zaituni tulimzika zamani, wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Ile ndoo ninayo. Iko kona ya jikoni, maua yamebanduka upande mmoja. Sina cha kutia humo. Wakati mwingine, nyumba ikiwa kimya, nainua kifuniko. Inanuka bati tu.

Sasa tuje kwenye ndoo zako, maana umeniuliza na nisikuache bila jibu.

Ile inayofunga nepi kama soseji, iache. Sina ugomvi nayo kwa kuwa ni ya kisasa. Lakini ile plastiki yake ni ya namna yake peke yake, na ikiisha pale dukani, utabaki na chombo kirefu kisichofaa hata kuwekea mkaa. Shingo yake ni nyembamba, mkono haufiki ndani, kwa hiyo siku nepi ikipasuka humo hutaweza kuisugua. Na kubwa zaidi, imetengenezwa ili usitazame.

Ile ndoo ya kawaida yenye mpini, ya upande wa kushoto, ni nzuri kwa kufulia, lakini kifuniko chake kinataka mikono miwili. Ukiwa unambadilisha mtoto, mkono mmoja uko juu yake kila wakati asianguke. Huna mikono miwili ya kugawia ndoo.

Chukua ile ya kulia, ya kukanyaga kwa mguu, yenye kindoo kingine ndani kinachotoka. Kabla hujailipia, ikanyage hapo dukani mara kadhaa, usimwonee haya muuzaji. Kifuniko kiinuke chote na kishuke bila kupiga kelele, la sivyo kitamwamsha kila umlazapo. Pitisha kidole ukingoni uone kama kimekaa sawa, maana hapo ndipo harufu inapotokea na inzi wanapoingia. Usichukue kubwa sana. Ndoo kubwa inakufundisha kungoja ijae, na inayongoja ndiyo inayonuka. Ndogo itakulazimisha kuimwaga kila siku, ukaisuuza na kuiacha juani mdomo wazi. Jua letu linafanya kazi kuliko manukato yoyote ya dukani.

Choo cha mtoto kimwage kwanza msalani ndipo nepi iingie ndooni. Hilo litakupunguzia nusu ya harufu. Iweke ndoo karibu na pale unapombadilishia, mbali na pale unapotandika msala wako, usije ukasali na wasiwasi. Na nepi za dukani zikiisha ukatumia za kitambaa, usiloweke kwenye ndoo ya sakafuni iliyo wazi. Mtoto anayetambaa anakwenda kwenye maji kabla hujageuka. Funika, nyanyua, funga mlango.

Lakini haya yote, mwanangu, hata muuzaji mwema angekwambia. La kwangu ni hili. Ndoo yoyote utakayochukua, iangalie kabla hujaimwaga. Uone zimelowa au zimekauka, zina rangi gani, ni nyingi kama jana au zimepungua. Mtoto mchanga hana namna nyingi za kukueleza habari zake, na moja ya hizo unaikunja na kuitupa. Usione haya mbele ya mama wa mume wako. Akija, mwache ainue kifuniko. Akipenda kuibeba, mpe abebe. Kama ukiona zimepungua na mtoto analala sana, usimsifu. Mwamshe, mnyonyeshe, na umpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Na usitake mtu aingie kwako asijue kama kuna mtoto. Mimi nataka ajue akiwa bado mlangoni. Kamba yako hata ikiwa kwenye kibaraza kidogo huko Musaga, itundike kitu cha mtoto, wanaopita wapate sababu ya kubisha hodi. Nami, mpaka magari yatakapopata mafuta nije mwenyewe, kila asubuhi ukishaikanyaga ile ndoo na kutazama, nipigie uniambie umeona nini. Nitakuwa nimekaa na simu, miwani nimeshavaa. Nieleze kama ulivyoona, usinipunguzie kitu kwa kunionea haya.

Mwenyezi Mungu akuzalishe salama, ampe mtoto wako pumzi ndefu na wewe maziwa ya kutosha. Akujalie watu wa kuingia kwako bila kuitwa. Na kila asubuhi, Nasra wangu, akujalie ndoo nzito.