Kasida Juu ya Sauti ya Baba

Kwenye CD niliyotengenezewa Ngamiani, baba yangu anaanza kumwambia mama jambo, mara anakatika, na mtoto anasoma kasida kwa dakika nne. Mtoto huyo ni mimi.

Fundi aliyehamisha sauti kutoka kwenye kanda alichokoa karatasi ngumu katika kitundu kimoja cha mgongoni mwa kanda hiyo. "Dada, hii ilivunjwa kimeno cha plastiki upande huu, isifutike. Kuna mtu kaziba arekodi juu." Karatasi ilinuka ukungu. Niliijua. Niliitafuna mwenyewe.

Nilikuwa na miaka saba, enzi za foleni za sabuni. Baba alikuwa Maskati akitafuta maisha, na barua zake zilikuja kwa kanda, mkononi mwa msafiri. Upande wa kwanza alizungumza yeye. Wa pili tulirekodi majibu. Redio ilikaa chumbani kwa Shangazi Mwanaidi, dada yake mkubwa. Yeye ndiye aliyesikiliza kwanza, na majibu ya mama hayakutoka bila kupita kwake. Betri zikichoka tulizianika juani.

Siku hiyo mama alikuwa foleni. Shangazi alisikiliza, akazima, akarudisha nyuma kidogo, akaniita. "Tafuna karatasi ya daftari, uzibe hapa. Kisha soma kasida yako, baba akusikie." Nilidhani ni upande wa majibu. Nilisoma kwa pumzi zangu zote, nikijiona bibi harusi.

Mama aliporudi, aliuliza hata kabla ya kutua kikapu. "Wifi, kanda imefika?"

"Imefika. Ila mwanao kaiharibu kwa makelele yake. Hukumfunza adabu, sasa utafunzwa wewe."

Mama alinichapa kwa mwiko mpaka ukavunjika. Shangazi alikuwa barazani akichambua mchele. "Ongeza," alisema.

Baada ya kasida, sauti ya baba inarudi: "...na kama hutaki, basi nisilaumiwe." Kanda ile mama aliibakiza; kwenye nyingine alirekodi swali, tena na tena. Jibu halikuja. Miaka miwili baadaye ilikuja talaka, na maneno machache: "Nilimweleza, akanyamaza."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyeivunja nyumba yetu. Kisha, kwenye spika kubwa za fundi, nikasikia mnong'ono wa shangazi ambao redio yetu haikuwahi kuutoa, kabla tu sijaanza kusoma: "Hapo hapo. Usiache mpaka nikwambie."

Nikaenda Kigombe, anakoishi shangazi sasa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikamwekea CD. Alisikiliza hadi mwisho, macho makavu.

"Ulikuwa na sauti nzuri," alisema.

"Baba alisema nini, shangazi?"

"Kamuulize mwenyewe."

Baba amezikwa Maskati. Mama ni mzee sasa, na hadi leo hajui kama siku ile aliitwa huko au aliachwa.