Kitabu cha Maziko cha Asholt

Hasira za watu wengine hulipuka zikaisha, na chai ikanyweka. Ya Bupe haikuwa hivyo. Ya Bupe ilivaa sare ya kazi, ikaendesha gari kutoka Minneapolis mpaka Coon Rapids siku tano kwa wiki, ikasema "Umeamkaje, Bwana Garland?" na kumlisha mzee wa watu uji kijiko kwa kijiko bila kumwaga hata tone. Ilikaa hivyo miezi minane. Hasira ya namna hiyo, ndugu yangu, iogope.

Bwana Garland alikuwa na miaka themanini na tisa, mikono inayotetemeka na mdomo usiotetemeka kabisa. Kila asubuhi, akishaogeshwa na kuvishwa, alitaka asomewe kitabu chake. Si Biblia, hata! Kilikuwa kitabu cha ukoo chenye jalada jekundu, alichokiandika shangazi yake zamani. Kilisema kwamba Garland wa kwanza kufika Marekani, William, alikuwa mwana wa Bwana Edward Garland wa Nyumba Kubwa, katika kijiji cha Asholt, Uingereza. Alibatizwa mwaka 1811, na mwaka 1832 akavuka bahari kwa nauli yake na kwa kupenda kwake. Hapo mzee alikuwa akiinua kidole chake kinachocheza, na kumtazama Bupe machoni.

"Sisi hatukuletwa na mtu," alikuwa akisema. "Tulijileta."

Bupe alimeza. Alikuja nchi hii kusoma, shahada akaipata na kuitundika ukutani, kisha akaenda kubeba boksi, vibarua vya ughaibuni, kama wenzake wengi, na anayebeba boksi hujifunza kumeza mengi. Alimeza ya nauli, akameza ya Nyumba Kubwa. Kilichomkwama kooni ni neno la mwezi wa pili.

Siku hiyo theluji ilikuwa imefunga barabara, na aliyepaswa kumpokea zamu hakutokea. Simu ikaja kutoka Tukuyu: baba yake, Mzee Ambakisye, amefariki. Bupe akalia hapohapo jikoni, mkono ukiwa bado umeshika sufuria. Mzee akamwita, akauliza kulikoni, akaambiwa. Akafikiri kidogo. Kisha akasema, tena kwa sauti ya mtu anayetoa pole:

"Kinachosikitisha kwenu ni kwamba hamna maandishi. Mtu anakufa, na hakuna aliyemwandika."

Lo! Kumwambia hivyo mtoto wa Ambakisye!

Mzee Ambakisye alikuwa karani wa ushirika wao wa kanisa, huko milimani, kwa miaka thelathini na mmoja. Ubatizo, ndoa, maziko: vitabu vitatu vikubwa, na wino aliokuwa akiununua mwenyewe. Bupe alikulia chini ya meza ile, na alipopata akili akawa ndiye anayeshika rula. Baba yake alikuwa na sheria zake. Ya kwanza: mtu akija kutaka cheti cha ubatizo, usifungue kitabu cha ubatizo; anza na cha maziko. Watu humpa mtoto jina la aliyetangulia kufa, halafu baada ya miaka ishirini anakuja kijana mwenye afya zake anataka cheti cha marehemu. Ya pili: jina bila tarehe ni uvumi. Na ya tatu, aliyokuwa akiisema taratibu: ambaye siku yake ya kufa haijulikani, mwandike kwa siku habari zake zilipokufikia, lakini mwandike.

Mtu huyo ndiye aliyeambiwa hana wa kumwandika. Bupe alifuta machozi kwa kona ya aproni, akasema, "Uji wako unapoa." Moyoni akaapa kwamba neno lile atamrudishia mzee kama lilivyotoka kinywani mwake, mbele ya watu wake, na atamtazama usoni likimwingia. Maziko ya baba yake hakuyawahi. Hilo nalo aliliweka kwenye hesabu ya mzee, kwa haki au bila haki.

Akaanza kutafuta. Vitabu vya parokia ya Asholt vilikuwa vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa mtandaoni, na Bupe alivisoma mzee anaposinzia mchana, na Jumapili baada ya ibada alivisoma maktaba. Mwandiko wa makasisi wa zamani ulimtoa jasho mwezi mzima, kisha ukafunguka. Rafiki yake Doris, anayeuza viatu kwenye lile duka kubwa la Bloomington, alikuwa akikaa pembeni yake na kuguna.

"Wenzako wanatafuta viwanja Kigamboni," Doris alimwambia, "wewe unatafuta Wazungu waliokufa. Umerogwa?"

"Natafuta mmoja tu."

"Ukimpata?"

"Nitampeleka kwa mwenyewe."

Alimpata mwezi wa saba, kwa sababu alianza na maziko. Shangazi mwenye jalada jekundu alianza na ubatizo, kama wafanyavyo wote wenye haraka ya kuwa watu wakubwa. Bupe alishusha kidole kwenye ukurasa wa Novemba 1811, kikasimama. *William, mtoto mchanga wa Bwana Edward Garland.* Amezikwa, umri miezi minane! Mwana wa Nyumba Kubwa hakuvuka hata kizingiti, sembuse bahari.

Basi aliyevuka ni nani? Akafungua ubatizo wa mwaka uliofuata, akamkuta: *William, mwana wa Hannah Garland, hana mume, fukara anayelishwa na parokia.* Na kwenye daftari la wazee wa kanisa la mwaka 1832, mstari mmoja: nauli ya William Garland, fukara, kupelekwa Marekani, imelipwa na parokia ili asirudi kuwalemea.

Bupe alicheka hadi mtunza maktaba akageuka. "Walijileta!" alimnong'oneza Doris. "Walijileta, shoga yangu! Walifukuzwa, na nauli wakalipiwa!"

Doris hakucheka. "Bupe, huyo ni mzee wa miaka tisini na kazi yako iko mikononi mwake. Hasira hasara."

"Hasara ni ya aliyeanza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, sivyo? Na auonje."

Nafasi yenyewe ikajileta. Carol, binti wa mzee, alikuwa akipanga sherehe ya miaka tisini, Jumamosi ya mwezi wa kumi, chakula cha mchana. Akamwambia Bupe, "Wewe unakijua kitabu cha baba kuliko sisi sote. Utatusomea kidogo?" Bupe akasema atasoma kwa furaha. Hakudanganya.

Siku ikafika. Watu ishirini na watatu, keki yenye picha ya kanisa la Asholt, mzee kwenye kiti chake amefungwa tai na Bupe mwenyewe. Bupe akasimama na kitabu chekundu, akasoma ukurasa wa kwanza vizuri, wa Nyumba Kubwa na wa nauli. Mzee akatikisa kichwa, ameridhika. Ndipo Bupe akafunga kitabu, akakiweka mapajani mwa mzee, akatoa karatasi tatu alizochapisha maktaba, na kusoma bila kupandisha sauti. Maziko. Ubatizo. Daftari. Neno "fukara" alilisoma mara mbili, kwa sababu liliandikwa mara mbili.

Bupe akasubiri dari ishuke.

Carol akapiga makofi!

"Jamani, hii ni bora zaidi!" alisema, macho yamemlowa. "Mama bila mume, kijana maskini, na bado tuko hapa!" Wajukuu wakamzunguka wakitaka kupiga picha zile karatasi. Mmoja akasema sasa ukoo wao una hadithi ya maana. Wakambusu Bupe shavuni, wakamshukuru, wakamwita hazina. Bupe alisimama katikati yao na ghadhabu yake. Miezi minane! Ngumi yote ile imeingia kwenye mto wa kulalia. Wakaenda kukata keki jikoni, vicheko vikawafuata.

Alipogeuka, aliona kwamba mtu mmoja hakucheka. Mzee alikuwa anatazama karatasi ya kati, iliyomwangukia mapajani. Midomo yake, ile isiyotetemeka, ilikuwa inatetemeka.

"Huyu Hannah," alisema. "Walimpeleka mwanawe, yeye akabaki?"

"Alibaki."

"Amezikwa wapi?"

Bupe alikuwa na jibu. Alikuwa amemtafuta Jumapili sita, katika Asholt na parokia tatu za jirani, kwa sababu mtoto wa Ambakisye haachi mstari wazi. Hakumwona. Jibu lilikuwa ulimini mwake tangu mwezi wa pili, na sasa mwenyewe alikuwa ameliomba.

"Hakuna aliyemwandika," alisema, akimtazama usoni.

Alilisema polepole, na aliliona likiingia. Mzee alilitambua neno lake. Alilikumbuka lilipotoka na siku lilipotoka, na damu ikamshuka usoni. Ilikuwa tamu. Bupe hakutaka kujidanganya hata baadaye: ilikuwa tamu sana.

Mzee akakisukuma kitabu chekundu kuelekea kwa Bupe, kwa mikono miwili.

"Baba yako ndiye aliyekuwa akiandika watu," alisema. "Uliniambia siku moja, sikukusikiliza. Mwandike na huyu. Nakuomba."

Karatasi nyeupe ya mwisho wa kitabu ilikuwa inasubiri. Bupe akatoa kalamu mfukoni. Akaitazama, akaiweka kwenye vidole vya mzee, akavifunga.

"Ni wako," alisema. "Mwandike wewe."

"Mikono yangu..."

"Naijua mikono yako."

Akapiga magoti, akakishika kitabu kisicheze. Kitabu tu, mkono hakuushika. Mzee akaanza. Herufi ya kwanza ilianguka, akaianza upya. Jasho lilimtoka chini ya tai. Keki yake ililetwa, ikaachwa, na Carol akauliza kutoka mlangoni kama kuna shida. Bupe akasema hapana, baba anaandika. Jina la Hannah Garland lilichukua karibu nusu saa, limepinda, lakini lilisomeka.

Mzee akashusha pumzi, akataka kuirudisha kalamu. Bupe hakuipokea.

"Na tarehe," alisema.

"Siku yake haijulikani. Wewe mwenyewe umesema."

"Siku habari zake zilipokufikia, basi," Bupe alimwambia, na sauti ikamkatika kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. "Andika ya leo."