Gari Mbili Zenye Zilikunywa Mawese Yangu

Mwezi uliopita mupwa wangu mumoja alikuja kunisalimia hapa Baraka. Iko na franga kidogo za biashara ya ndakala, samaki ndogo za ziwa, anataka kununua gari. Alisema sasa kuko gari za ng'ambo zenye zinatembea na esanse, njo petroli, na umeme pamoja: moja ikichoka, ingine inasaidia. Bei yake inapita ya gari ya esanse tupu, lakini inakula kidogo, na kisha miaka fulani faida inarudi. Alitaka shauri la bakubwa. Bwana yangu alijibu saa nzima. Ndugu yangu mudogo akajibu saa ingine. Mimi nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, pale pale, hakuna mwenye aliniuliza.

Basi najibu hapa. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, kwa hiyo herufi zangu zikianguka, muziokote. Lakini kwa mambo ya gari yenye inakunywa kitu kimoja na gari yenye inakunywa bitu biwili, mutafute mu Fizi yote muntu wa kunipita. Mi njo nilizinywesha. Na wenye makosa nitabasema. Majina siandiki, juu Baraka ni ndogo na tunakutana ku maji, lakini kila mumoja atajijua.

Mwenye kosa wa kwanza ni bwana yangu.

Ilikuwa vita ya pili, ile yenye ilifika wakati tulikuwa hatujamaliza kulia ya kwanza. Mi nilikuwa na biashara ya mawese. Nilikuwa nanunua ngazi za michikichi kwa bakulima, tunapika, tunakamua, naweka mafuta mu mapipa nyuma ya nyumba. Bwana yangu alikuwa na kamioneti ya esanse, nyeupe, yenye alinunua mbele ya vita. Alikuwa anaipenda. Sisemi alikuwa anaipenda kuliko mimi. Nasema tu mimi hakuniosha hata siku moja.

Esanse ilikuwa inakuja na maboti kutoka ng'ambo ya ziwa. Mwanzo chupa moja ya esanse ilikuwa chupa mbili ya mawese. Kisha ikakuwa ine. Kisha sita. Kisha bauzaji bakaacha kutaja bei: banakuangalia kwanza miguu, kama uko na biatu, njo banafungua mudomo. Kila safari, bwana yangu alikuwa anachota ku pipa langu, anaenda sokoni, anarudi na machupa yake amekumbatia kama mapacha. Kisha anapiga hesabu mbele ya bantu kwamba gari ya esanse ni rahisi, juu haiharibike. Pipa halikuwa mu hesabu. Pipa lilikuwa mama batoto.

Na si esanse tu. Basoda balikuwa banachukua gari yoyote yenye inalia. Kwa hiyo kila magaribi bwana yangu anafungua kapo, kifuniko ya injini, anatoa karibirateri, ile kitu ya kuchanganya esanse na hewa, maana bila ile, gari ni nyumba ya kuku. Anaifunga mu kitenge, anaiweka chini ya muto. Tulikuwa batatu kitandani. Na kitenge ilikuwa yangu ya kanisa. Siku moja pasta alisema mu mahubiri kwamba kuko bantu banaingia nyumba ya Mungu na harufu ya dunia. Bamama yote baligeuka kuniangalia.

Mwenye kosa wa pili ni ndugu yangu mudogo, tumbo moja, ziwa moja.

Yeye alinunua mifupa ya kamioneti ya mazutu, njo dizeli, akaipeleka kwa fundi mumoja mwenye alikuwa anasudia na moto masufuria yenye imetoboka (huyu fundi ni mwenye kosa wa tatu). Fundi alimusudia tanki ya pili nyuma ya kiti. Gari inawaka na mazutu kidogo, ikipata moto muzuri, unageuza kirobine, ile koki ya mafuta, inaanza kunywa mawese. Mawese tupu, ile ya sombe. Mbele ya kuizima lazima urudishe kirobine ku mazutu, utembee kidogo, mafuta itoke mu tiyo, ile mipira ya kuipitisha. Ukisahau, mawese inalala ndani na inaganda, na gari inakuwa jiwe. Aliiita gari ya akili mbili. Mi sikujua ile akili ilikuwa wapi, maana mu familia hatukuiona.

“Yaya, dada yangu,” aliniambia siku ya kwanza, “sasa hakuna tena mambo ya kununua esanse. Mafuta ni ya hapa hapa.”

Nikamuuliza hapa hapa ni wapi. Akaonyesha na kidevu pipa langu.

Gharama ya ile gari hakuna muntu aliijua mpaka ilipopita sokoni mara ya kwanza. Moshi yake ilikuwa inanuka mandazi. Sisemi kama mandazi. Ilikuwa harufu yenyewe ya sufuria, yenye inashika tumbo. Mambwa ya Baraka ilikuwa inafuata ile gari mustari moja kama bakristo banaenda ku ubatizo. Na ku barieri, pale banafunga njia, basoda bamekaa siku mbili bila kula, banasikia harufu inakuja ku kona. Gari inafika, banaipekua mpaka chini ya kiti. Banauliza mandazi iko wapi. Ndugu yangu anabaeleza mambo ya kirobine. Banamupiga makofi, banauliza tena.

Dawa ikakuwa moja tu: kubeba mandazi ya kweli, beseni nzima, kila safari. Nani alikuwa anakaanga? Na mafuta gani? Basi mujifunze: ile gari ilikuwa inakunywa mawese ku tanki, na ingine ku sufuria, juu ya kuomba musamaha ya ile ya kwanza. Ukiongeza unga na sukari, gari ya akili mbili na gari ya esanse zilikuwa bei moja. Hii hesabu niliifanya na vidole, nilikuwa nachoma mandazi.

Kila jioni babili balikuwa banakaa ku ukuta wa nyumba banabishana. Bwana yangu anasema gari yenye inanuka jikoni si gari. Ndugu yangu anasema, shemeji, gari yenye inalala na bibi ya muntu si gari.

Kisha ikafika ile siku ya Mungu.

Tulikuwa tunatoka ku kanisa, tukaona bantu ya Fizi banashuka na matela ya kulalia ku kichwa na mbuzi ku kamba. Balisema kule juu soko imefungwa, na hakuna mwenye atabaki, juu basoda na bantu ya porini banaenda kukutana pale. Mama yangu alikuwa kule, peke yake. Magoti yake ilikuwa imekataa kazi miaka miwili mbele. Katekista mumoja alinibebea maneno yake: “Mwambie binti yangu nabaki na kuku zangu. Kama bako na magari mbili na hakuna yenye inafika, bauze magari banunue miguu.”

 Nilikimbia nyumbani, nikakuta banaume babili banachora hesabu mu vumbi na kijiti. Ndugu yangu anasema kupanda na kushuka ni bidoni, dumu moja, ya mawese na chupa mbili ya mazutu. Bwana yangu anasema yeye ni chupa munane ya esanse ya kupanda, na kushuka hakuna kitu, mulima wenyewe ni esanse. Ndugu yangu akamuuliza mama mukwe atamuweka wapi. Kwetu muntu na mama mukwe yake habakae pamoja, hata kuangaliana uso habawezi; ku arusi yangu mama yangu alipita nyuma ya nyumba juu ya kumukwepa. Basi mu kabini ya bantu babili, nani atafunga macho, mama ao dereva?

Na ile siku esanse haikuwa sokoni hata tone. Nilienda mwenyewe, bauzaji balikuwa banafunga mizigo. Kwa hiyo nilichagua. Pipa ya mwisho ilikuwa nusu. Nikatoa bidoni moja kwa tanki, nikatoa ya kukaanga, nikapakata beseni, nikapanda na ndugu yangu. Bwana yangu alibaki. Alikaa ku ukuta na uso kama muntu mwenye amefiwa, na mi nikajisemea, ao ni juu ya gari yake, ao ni njaa.

Tulipanda muzuri. Nusu ya mulima, ku kona, pale penye hapakuwa barieri hata siku moja, tukakuta mwanzi umelala njiani na basoda saba. Mwenye kosa wa ine ni komanda wao, kijana murefu, amevaa kofia ya mwanamuke.

“Zima moto,” alisema.

Ndugu yangu aliomba ruhusa ya kutembea kidogo mbele ya kuzima. Ku barieri, muntu anaomba kutembea kidogo! Basoda bakainua bunduki. Ndugu yangu akazima. Mawese ikalala mu tiyo, na kule juu kuko baridi, ikaganda mara moja. Mandazi ikaisha mbele tiyo ipoe. Kisha musoda mumoja akafungua tanki, akaweka kidole, akalamba, akamwita komanda. Balikuwa na sombe ku moto tangu asubui, sombe bila mafuta. Bakaleta sufuria, bakachota ku gari kama ku kisima. Nilikaa juu ya jiwe naangalia. Gari ya akili mbili, akili moja imeganda, ingine inachemka na sombe. Na mama yangu kule juu anahesabu kuku.

Nilianza kulia. Sikulia juu ya gari.

Njo tukasikia injini ya esanse inapanda kutoka chini. Kamioneti nyeupe. Bwana yangu ndani, amevaa koti ya arusi, anakaa wima. Komanda alimuzimisha, akazima bila maneno. Nilikimbia ku mulango wake.

“Esanse umeitoa wapi?”

Hakuniangalia. “Ya akiba,” alisema.

Basi ile akiba ilikuwa hii: miezi yote ile, nikitoa mawese ya chupa sita, yeye alikuwa anazika chupa moja ya esanse nyuma ya choo. Mi nilikuwa nachuja mafuta mpaka mikono inapasuka, naambiwa gari inakula sana. Haikuwa gari, ni choo njo kilikuwa kinakula. Nilitaka kumutoa mu ile koti kwa nguvu. Lakini nilitaka mama kwanza. Nikaachia mulango.

Komanda alimuuliza anaenda wapi kule bantu banatoka. Akajibu anamufuata mama mukwe. Basoda bakacheka mpaka mumoja akakaa chini. Komanda akainua mwanzi mwenyewe, akasema muntu mwenye anaenda mu vita juu ya mama mukwe, azabu yake imekwisha kutosha.

Bwana yangu akapanda, akakawia. Sombe iliiva, bakala, bakatupa na sisi kidogo. Ilikuwa na mafuta muzuri, siwezi kusema uongo.

Jua lilikuwa linalala wakati kamioneti ilitokea ku kona ya juu, bila sauti hata kidogo, inashuka kama mawingu.

“Zima moto!” musoda alipaza sauti.

“Ilizimwa toka kule juu, mukubwa,” bwana yangu alijibu.

Mama alikuwa nyuma, mu karoseri, juu ya matela yake, kuku saba zimefungwa miguu, ameupa kabini mugongo juu asione shingo ya mukwe wake. Alikuwa na fimbo. Akitaka gari ipunguze mwendo anapiga paa mara moja, akitaka isimame mara mbili. Mukwe wake alikuwa anatii. Miaka yote ya ndoa sikuona anatii vile.

Mama alivuta hewa. Akauliza mandazi iko wapi. Nikamwonyesha beseni tupu, nikamwonyesha basoda. Akamuita komanda na kidole. Aliuliza ni mutoto wa nani. Aliuliza kama mama yake iko muzima. Kisha akasema polepole, kama muntu anafundisha mutoto kunawa: “Mama yako akisikia ulikula chakula ya mama kizee ya magoti, atakuweka wapi?”

Komanda aliangalia chini. Akaingiza mukono mu mufuko, akatoa mandazi moja na nusu, ina vumbi ya tumbaku. Mama akapokea, akakula yote mbele yake, taratibu. Kisha akasema mutoto wake mwanaume iko na gari imekufa, na yeye mama anataka kukaa mu kabini ya ile gari kama muntu mukubwa, si nyuma kama kuku. Komanda akaita basoda yake yote saba. Bakasukuma gari ya akili mbili mpaka ikageuka, ikashika mutelemko.

Tukashuka vile, magari mbili, moto hakuna. Mi nilikaa nyuma ya ile ya bwana yangu na kuku. Kwa mara ya kwanza gari ya esanse na gari ya mawese zilikuwa na gharama moja, na ilikuwa bule. Tulipofika tambarare, bwana yangu alimwanga chupa yake ya mwisho mu tanki, akafunga ile gari ingine na kamba, akaivuta mpaka ku nyumba za kwanza za Baraka. Pale esanse ikaisha. Mama akashuka, akamalizia kwa miguu, ananishika bega. Nyuma yetu babili balikuwa bameanza tena: mumoja anasema esanse njo ilituokoa, mwingine anasema kabini ya gari yake njo ilimubeba mama.

Jua lilipotoka nilichukua jembe, nikaenda nyuma ya choo. Nilichimba, nikakuta chupa tatu. Nikaziuza kwa bei ya ile siku, bei ya bantu banakimbia, nikanunua mawese pipa nzima na unga. Mama alikula mandazi mpaka akalala amekaa.

Bwana yangu alienda choo, akarudi mbio, mikono ina udongo. Akaniuliza mawese yote hii nimeitoa wapi.

Nikamwambia: “Ya akiba.”