Barua Niliyomwandikia Meitamei

Siku moja, nje kidogo ya mji wa Kajiado, watu zaidi ya mia walinipigia makofi kwa jambo baya kuliko yote niliyowahi kumtendea rafiki.

Walipiga makofi kwa moyo mmoja. Akina mama walishangilia. Mzee mmoja aliniwekea mkono kichwani akanibariki.

Nami nilisimama pale, nikapokea.

Ilikuwa mwaka 2004. Leo ni miaka minne baadaye, na bado nikikumbuka siku hiyo masikio yanashika moto. Nimeamua niitoe hapa, mnisome, mnitukane mkitaka.

Naitwa Makokha. Kwetu ni Webuye, lakini nimekulia Kitengela. Baba alipata kazi kiwanda cha saruji Athi River, tukapanga vyumba viwili kwenye ploti ya mzee mmoja Mmaasai, Mzee Parsaoti.

Mzee mwenyewe aliishi Kajiado, lakini alikuwa na kijana wa rika langu aliyekaa pale plotini kwa ajili ya shule. Meitamei.

Mtoto wa mpangaji na mtoto wa mwenye nyumba. Hapo tayari mnaona moto unakotokea.

Tulisoma shule moja ya msingi, na Mungu kwa utani wake akatupeleka wote wawili chuo kikuu kimoja kusomea sheria.

Mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Utunzi wa mashairi nilijifundisha mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole usiku na mchana. Nilijiona mfalme wa kalamu pale Kitengela, na sikumficha mtu jambo hilo.

Meitamei alikuwa mtu wa kimya. Akiulizwa swali darasani, anatazama dirishani kwanza, kisha anajibu kwa sentensi moja.

Mwalimu anageuka anaiandika ubaoni.

Mimi nikijibu dakika tano nzima, mwalimu anasema, "Asante Makokha. Tuendelee."

Wivu wangu ulianzia hapo. Haukuwa wivu wa kelele. Ulikuwa ule wa kucheka naye huku unahesabu kila anachopata.

Tulipomaliza chuo, tukafika pale ambapo kila mwanasheria Kenya hupitia. Lazima upate pupillage, yaani mwaka wa kujifunza kazi chini ya wakili. Bila huo mwaka huapishwi. Unabaki na digrii yako ukiipangusa vumbi.

Mimi sikutaka kwa wakili yeyote tu. Nilitaka kampuni moja kubwa ya Upper Hill, ya mawakili wa biashara, ghorofa ya tisa, madirisha kutoka sakafuni hadi dari. Nilikuwa nimeshatangaza mtaa mzima kwamba ninaenda huko. Mama alikuwa ameshaniombea kanisani kwa jina la kampuni.

Mwaka huo walikuwa wanachukua mtu mmoja tu.

Jumamosi moja Meitamei akaja akaketi kwenye kizingiti chetu.

"Maze Makokha, niandikie barua."

"Barua ya wapi?"

Akataja kampuni ileile.

"Si unajua mimi pia naomba huko?"

"Najua. Hao watakuchukua wewe, mimi najaribu tu. Lakini nikiandika mwenyewe inakuwa kama barua ya kumwomba chifu ruhusa ya harambee. Wewe ndio uko na kalamu."

Hayo maneno, mtu mwema angeyasikia kama heshima. Mimi niliyasikia kama dharau. Anajaribu tu. Mimi nalala na hiyo kampuni kichwani, yeye anajaribu tu.

"Nitakuandikia," nikamwambia. "Nitakuandikia barua ambayo hawataisahau."

Nikaketi nikaandika.

Sikuandika uongo hata mmoja. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu. Niliandika ukweli wote ambao nilijua wakubwa wa Upper Hill wangeucheka. Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, lakini ilisema hivi:

"Nimechunga ng'ombe Isinya tangu nikiwa na miaka mitano, na viatu vya kwanza nilivaa darasa la nne. Kimaasai nakijua kuliko Kiingereza. Baba yangu hajui kusoma. Alikuwa kwenye kamati ya kugawa ardhi ya ranchi yetu, na mimi, mtoto wa miaka kumi na tatu, ndiye niliyemsomea ramani. Najua mawe ya mpaka yaliyohamishwa, na najua yalipokuwa. Nimemwona mzee akitia kidole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba, akidhani anakodisha malisho. Sijui kufunga tai. Nikipanda lifti nashika ukuta."

Nilipofika kwenye lifti nilicheka peke yangu.

Halafu nikaandika yangu. Nikaipamba. Juu kabisa nikaweka ubeti, wa Kiswahili, wajue wanacheza na nani:

*Sheria ni ngao yangu, kalamu upanga wangu,*
*Nabisha kwa jina langu, mnipe kilicho changu.*

Nikazipeleka zote mbili kwa Kathini, dada aliyekuwa na kibanda cha kupiga chapa karibu na stendi. Akapiga ya Meitamei mpaka mwisho, akavua miwani.

"Makokha, huyu kijana amekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Hii ni barua ya kumwombea kazi ama ya kumshtaki?"

"Wewe piga tu chapa, Kathini. Hebu soma yangu."

Akasoma yangu. Akatikisa kichwa polepole.

"Hii ni tamu sana. Sijaelewa kitu."

Nilimpa Meitamei barua yake jioni. Aliisoma amesimama. Akairudia. Akatazama mbali, kule kwenye mbuga.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Hao watu wanapenda ukweli."

"Sawa. Nitaisaini nyumbani."

Wiki tatu zikapita.

Yangu ilijibiwa kwa mistari miwili. Asante kwa kutukumbuka, tunakutakia mema.

Meitamei akaitwa. Akaulizwa maswali nusu saa. Akachukuliwa.

Siwezi kuwaeleza vile nilivyokuwa. Nilikataa chakula. Mama alipouliza nikamwambia ni malaria. Nilimlaani Meitamei, nikailaani kampuni, nikawalaani hata ng'ombe wa Isinya, wanyama wa Mungu wasio na hatia. Niliamini kuna mkono. Lazima mzee ameuza shamba akapitisha kitu chini ya meza. Barua ile isingeweza kumpa mtu kazi hata ya kufagia.

Kisha ukaja mwaliko. Mzee Parsaoti anachinja nyumbani kwake Kajiado, kijana amepata mahali. Akatuma ujumbe kwa baba kwamba mimi hasa nisikose.

Nilienda. Mtu mwenye wivu haachi kwenda. Anataka kuona kila kitu kwa macho yake ili aumie vizuri.

Watu walikuwa wengi, nyama ikawa nyingi. Na mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja wakili, Wanjira, mkubwa wa ile kampuni yenyewe. Alikuwa amekuja Kajiado kwenye ofisi ya ardhi, akapitia kumsalimia mzee.

Tulipokwisha kula, Mzee Parsaoti akasimama na fimbo yake.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Lakini nataka kusikia yale maneno yaliyomfungulia mtoto wangu mlango. Nilimwomba wakili, naye ametuletea karatasi. Asome, wote tusikie."



Wakili Wanjira akatoa barua kwenye mkoba wake. Anasoma sentensi moja, Meitamei anaigeuza Kimaasai. Anasoma nyingine, anaigeuza.

Nilingoja watu wacheke.

Kwenye ng'ombe hakuna aliyecheka. Kwenye ramani wazee wakaitikia kwa vichwa. Kwenye mawe ya mpaka wakanung'unika, mmoja akagonga fimbo chini. Ilipofika kwenye kidole gumba, mzee mmoja mbele yangu akakiinua chake, akakitazama.

Hata kwenye lifti walicheka kidogo tu, kile kicheko cha mtu anayesema, mimi pia.

Wakili akakunja karatasi.

"Tulipokea barua karibu mia mbili," akasema. "Zote zinasema mwenyewe ni mchapakazi na anapenda sheria. Wateja wetu wananunua mashamba huku, na shamba moja linauzwa mara tatu. Niko na vijana wanaojua tai. Nilikuwa natafuta mtu anayejua jiwe lilikuwa wapi."

Kisha akasema, "Meitamei, hii ndiyo barua bora niliyosoma tangu nianze kazi."

Ndugu zangu, hebu fikirieni. Kazi yangu bora maishani inasifiwa mbele ya watu, na jina lililo juu yake ni la mwingine. Nilitaka kupiga kelele, ni yangu hiyo, kila nukta ni yangu. Lakini ningesemaje bila kusema ni kwa nini niliiandika?

Meitamei akanitazama.

"Si mimi niliyeandika," akasema. "Ni rafiki yangu, yule pale. Makokha, simama."

Nikasimama.

Hapo ndipo makofi yalipokuja. Mzee Parsaoti akanifikia, akaniwekea mkono kichwani. "Ero," akasema, yaani kijana kwa Kimaasai, "Mungu akupe."

Wakili akanikazia macho. "Makokha? Wycliffe Makokha?"

"Ndiyo, madam."

"Si wewe ndio wa shairi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nilisoma yako mpaka mwisho," akasema. "Nilikuwa natafuta mtu ndani yake. Sikumpata. Kwa nini hukujiandikia vile ulivyomwandikia mwenzako?"

Nikaketi.

Baadaye Meitamei akanikuta kando ya tangi la maji.

"Pole," akasema.

"Ya nini? Nimepigiwa makofi."

"Makokha, mimi nimechunga. Najua ng'ombe anayekuja kunywa maji, na najua anayekuja kunipiga pembe."



"Ulijua?"

"Siku ileile. Nilimsomea baba, nikamwambia narudi Kitengela kumtwanga huyu Mluhya. Baba akaniuliza, ni wapi hapo amedanganya? Nikamwambia, hakuna. Akasema, basi unaona haya ya nini? Saini."

"Mzee pia anajua?"

"Ni yeye aliyesema isomwe mbele ya watu, na wewe ukiwa umeketi hapo. Alitaka kuona kama utakataa makofi."

Ng'ombe walikuwa wanarudi.

"Sikukataa," nikasema.

"Hukukataa."

"Na ile baraka?"

"Hiyo alikupa ya kweli. Alisema wewe unaihitaji kuliko mimi."

Akaniacha hapo.

Mwaka wangu nilikuja kuupata kwa wakili mmoja pale Kajiado, ofisi ya chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Nikaapishwa. Upper Hill sijawahi kuiingia ila kama mgeni. Meitamei sasa ana chumba chake kwenye ghorofa ile ya tisa, na siwadanganyi, nikiliona jina lake kwenye barua za kesi bado kuna kitu kinanichoma.

Lakini kuna jambo nimejifunza, na ndilo nililotaka kuwaachia.

Nilidhani nimeandika aibu za Meitamei. Rudieni barua ile muisome. Ardhi anayoijua jiwe kwa jiwe. Lugha ya baba yake. Mzee aliyemwamini kumsomea ramani akiwa mtoto. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nilikaa chini nimpake matope, kumbe nilikuwa naorodhesha kila nilichomwonea wivu tangu utotoni.

Wivu una macho makali. Huona thamani ya mtu kabla dunia haijaiona.

Basi ukiona umeanza kumdharau jirani kwa jambo fulani, na dharau hiyo haikupi usingizi, jiulize kama si hilo hasa unalolitamani. Ukishajua, mwambie kwamba hilo ndilo unalomwonea wivu. Mimi bado sijamwambia Meitamei, ndiyo maana nimewaambia nyinyi kwanza.