Bibi Aliyekataa Kuoshwa

Hospitali ilitaka wanawake waliosoma miaka minne, iwafundishe kazi ya kusaidia wauguzi. Mimi nilisoma darasa la kwanza miaka miwili na la pili miaka miwili. Jumlisha mwenyewe. Karani aliponiuliza kama ninayo miaka minne ya shule niliapa kwamba ninayo, na kiapo kile kilikuwa halali kabisa.

Nilikuwa nimeachwa. Nasema nimeachwa, sisemi nilimwacha, maana wajukuu zangu wanapenda kuniremba. Nilirudi Kariakoo kwa mjomba, nikapewa chumba cha uani. Mjomba hakupenda kuona mtalaka amekaa bure ananenepa. Alikuwa na rafiki yake kule Mchafukoge, muuza nazi, mzee mwenye wake wawili na kikohozi. Akanieleza bila kuzunguka: ukifaulu hospitali, utafanya kazi. Ukifeli, Ramadhani ikiisha tunakuoza kwa muuza nazi.

Basi mimi nilisoma huku nakisikia kile kikohozi.

Sasa, kuna jambo la lugha. Kwetu sisi mtu hai anaogeshwa. Kinachooshwa ni sufuria, au maiti. Sista wetu, Mzungu mrefu kama mlingoti, alijifunza Kiswahili kwa boi wake wa jikoni, kwa hiyo alikuwa na neno moja tu la maji: osha. Osha sakafu, osha beseni, osha mgonjwa. Tulimcheka mchana tukila mihogo, lakini mbele yake tuliitikia ndiyo, sista. Utaratibu wake niliujua vizuri: uso kwanza, mikono, kifua na tumbo, miguu, unabadilisha maji, unamalizia mgongo. Niliujua hata usingizini.

Tatizo ni kwamba nilijua na utaratibu mwingine. Marehemu mama yangu alikuwa mwosha. Mtaa ukifiwa na mwanamke anaitwa yeye, na mimi tangu kifua hakijaota nilikuwa namshikia kata ya maji.

Siku ya mtihani nilipangiwa bibi mmoja Mzaramo aliyevunjika paja. Kinywani hakuvunjika kitu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu. Sista akasimama miguuni pa kitanda, na pembeni yake dresa, yaani mfunga vidonda, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa akimtafsiria.

"Wewe, osha bibi hii," sista akasema. "Mimi tazama."

Nikamwona bibi amekaza macho. Nami kichwa kilikuwa kitupu kama ngoma. Ule utaratibu wa sista ulikimbia wote, likabaki neno osha, na neno osha mikono yangu ilikuwa inalijua tangu utotoni. Nikamfunika bibi kitovu mpaka magoti. Nikamwinua kidogo, nikamkamua tumbo taratibu kushuka chini. Nikashika upande wa kulia, nikapitisha kitambaa mara moja, mbili, tatu, midomo inacheza. Halafu nikachukua pamba.

Bibi akanidaka mkono.

"Hiyo pamba unanitia wapi?"

"Masikioni, bibi. Nakusafisha."

"Mwanangu, mimi nimeosha watu mama yako hajazaliwa. Huku si kuogeshwa. Huku naoshwa. Bado karafuu maiti tu."

Wodi nzima ikageuka. Mama wa kitanda cha jirani akaanza kumtamkisha bibi shahada, na wala hakuwa anatania.

"Kwa nini bibi kelele?" sista akauliza.

Dresa akamweleza kwamba bibi anasema anaoshwa.

"Ndiyo," sista akasema. "Osha. Mimi sema osha."

"Mmesikia?" bibi akawaambia wenzake. "Wameshapatana."

Akajifunika shuka mpaka kidevuni, akakataa kuguswa. Dresa akaninong'oneza kwamba mgonjwa akikataa, mtihani umekwisha. Sista alikuwa ameshatoa penseli mfukoni. Mimi nilimwona muuza nazi wazi kabisa, na kanzu yake, na wake zake wawili wamekaa kunitazama.

Bibi akachungulia. "Wewe kabila gani, unayezika watu kwa pupa hivi?"

"Mnyamwezi, bibi."

"Ahaa."

Ile ahaa ndiyo iliyoniokoa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani wetu unakolea msibani. Mtani anaweza kujilaza ndani ya kaburi la mtani wake akagoma kutoka mpaka abembelezwe. Nikaona hapa sina tena adabu ya kupoteza.

"Mzaramo mzima nimwoshe wa nini?" nikasema. "Wewe kufa kwanza, nitakuja bila kuitwa. Leo nakuogesha tu, maana unanuka."

Alicheka mpaka paja likamuuma, akanitukana kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Mbeba mizigo we. Tangu lini Mnyamwezi akajua maji?"

"Tangu tulipopita kwenu tukakuta hamyatumii."

"Lione lilivyo. Lina sura kama mguu."

"Na wewe huo mguu wenyewe huna."

Sista akamgeukia dresa. Alilisikia neno unanuka, maana boi wake alikuwa akilisema juu ya samaki. Akataka kujua tunaambiana nini. Kijana wa watu jasho lilimtoka. Mwishowe akatamka kitu kwa Kiingereza, na baadaye nilipomuuliza alisema, "Nimemwambia mnasalimiana. Ningemwambia nini, dada?"

Bibi alikuwa ameshatoa uso nje ya shuka. "Haya, anza usoni kama watu."

Nikaanza usoni. Mikono, kifua, tumbo, miguu, nikabadilisha maji, tukamgeuza mimi na dresa nikamalizia mgongo, na muda wote huo bibi anawachambua babu zangu mmoja mmoja, na mimi nawachambua wake. Sikuwahi kumwogesha mtu vizuri vile. Sista aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Mwanzo mbaya," akasema. "Mwisho safi. Wewe pita. Lakini mdomo funga."

Mdomo sikuufunga, ila cheti nilichukua.

Mjomba akaenda mwenyewe Mchafukoge kuvunja maneno ya posa. Akarudi amenywea, akakaa barazani bila kuvua kofia. Nikamuuliza mwenzake amesemaje.

"Amesema alhamdulillahi," mjomba akasema. "Amesema mwanamke anayeshinda akishika kinyesi cha watu, yeye asingekula chakula cha mkono wake."

Alidhani nitaumia. Nikamwambia arudi tena kesho, amsalimu sana yule mzee, amwambie siku kikohozi kikimlaza hospitali, mikono ya kumwogesha ni hii hii, na kesho yenyewe saa moja naripoti wodini.