Chai ya Kamba Komarock

Wakiuru wa Dandora hakuwa na cheo chochote hapa duniani, isipokuwa sufuria. Ukoo wote unajua. Kukiwa na harusi ama matanga, chai ni ya Wakiuru. Anachemsha maji, maziwa, majani na tangawizi pamoja mpaka inapanda mara tatu, na ukimsongelea na kijiko anakufukuza kama kuku. Miaka thelathini sasa. Hata siku mume wake alikufa, alichemshia watu chai kwanza, ndio akalia.

Basi Kate, binti ya dada yake, akapata mchumba, Mulama wa Bungoma, na wazee wa huko wakasema wanakuja kwa kina Kate, Komarock, kumposa. Kate anafanya kazi hoteli ya wakubwa, ameona mambo. Akampigia simu Wakiuru, ambaye humwita Tata, yaani shangazi.

“Tata, siku hiyo wewe kaa tu, upumzike.”

“Nani amekuambia nimechoka?”

“Siku hizi chai haichemshwi, inalowekwa. Mgeni anapewa maji moto na kapakiti ka majani kenye kamba, anatumbukiza mwenyewe kwa kikombe.”

“Kama soksi.”

“Tata.”

“Nimeuliza tu.”

Akaenda kukaa. Alivaa viatu vya kanisa, akachagua kiti kinachoangalia meza vizuri. Moyoni alijua kitu kimoja: hawa wageni wakikunywa hiyo kitu washukuru, yeye amekwisha. Atakuwa mwanamke mzee wa kupewa blanketi kila Krismasi.

Wazee watano wakaingia, mbele yao Mzee Mulongo, mjomba wa Mulama, tumbo limefika kabla yake. Kate akawawekea thamosi mbili za maji moto, jagi la maji baridi, bakuli tupu la kutupia pakiti zikishatumika, na sahani ya hivyo vitu vya kamba. Akarudi jikoni kutoa mandazi.

Mzee Mulongo akaangalia thamosi. Akaangalia bakuli. Akasimama kwa heshima zote, akachanganya ya moto na ya baridi, akamiminia mwenzake mikononi. Wakanawa wote watano mpaka thamosi zikakauka. Mmoja alichukua kapakiti akajisugua nako, akashangaa sabuni gani haitoi povu.

Wakiuru aliona kutoka tone la kwanza. Angeweza kusema. Akajikalia tu.

Kate akatokea na mandazi. “Wazee wangu, mmekunywa?”

“Tumenawa, mama,” akasema Mzee Mulongo. “Tunangoja chai.”

Kate akageuka pole pole. “Tata.”

“Mimi niliambiwa nikae.”

“Tata, tafadhali.”

“Tafadhali nini? Sema wazee wasikie.”

“Nakuomba utupikie chai.”

Hapo ndio alivua viatu vya kanisa. Jikoni maziwa ilikuweko, tangawizi pia, lakini majani hakuna hata ya dawa. Basi akachukua zile pakiti, akazipasua moja moja ndani ya sufuria, kamba akatupa. Ikapanda mara tatu.

Mzee Mulongo alikunywa vikombe vitatu, akafuta mdomo, akasema hapa wanaoa.

Kate naye akaonja, akaonja tena. “Tata, majani haya umetoa wapi?”

“Ni yako,” akasema Wakiuru. “Yalikuwa hayajawahi kuona moto.”